Kifungu cha Flaski na Kifungu cha Saa

Vijana wa ofisi mliniomba niandike niliyojifunza kazini. Niliwaambia hayatajaza ukurasa, na Madam Ndanu, mkuu wenu, akanijibu, "Basi tuletee huo ukurasa." Sasa angalieni wenyewe. Mtu aliyekaa miaka mingi akiandika maneno ya wengine, siku akiambiwa aandike yake, kumnyamazisha ni kesi nyingine.

Jina langu ni Musyoki. Kwa Kikamba ni mtu anayerudi, na wazazi wangu hawakukosea. Nimekuwa karani wa ofisi ya mambo ya kazi, Kitui kwanza na baadaye Makueni, na usiku niliolala nje ya nyumba yangu ya Matinyani nauhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki. Wenzangu walipigania safari za semina. Mimi nilipigania kiti cha karibu na mlango. Elimu yangu ni kidato cha nne. Cheti chenyewe mke wangu Kalunde amekiweka kwa fremu pale sebuleni, nadhani kwa sababu fremu ilikuwa imeshanunuliwa na picha ya harusi ikakataa kuingia.

Habari za kupandishwa cheo nitaziruka. Nilipandishwa mara chache, na kila mara nilihamishiwa dirisha lenye jua zaidi.

Siku ya kwanza nilipewa meza, rejista, na onyo kwamba mguu mmoja wa meza si wake. Kabla sijakaa vizuri akaingia mlinzi wa shule moja. Amefutwa ati amepatikana amelala, naye anasema alikuwa anasali. Nikaandika. Akaongea, nikaandika, akalia kidogo, nikaandika kwamba amelia. Kurasa sita. Alipoaga na kwenda, afisa wetu, Mzee Kilonzo, akazichukua, akazisoma zote akiwa amesimama, kisha akauliza, "Huyu mtu anaitwa nani?"

Sikuwa nimemwuliza.

"Hii ni kesi safi kabisa," akasema. "Ni kesi ya binadamu. Sasa toka ukatafute ni yupi."

Nilimpata stendi ananunua ndizi. Mzee Kilonzo alinicheka kwa jambo hilo siku ile, na mwaka ule, na miaka iliyofuata. Lakini kesho yake aliniita kando akaniambia kosa langu nisilitupe lote. "Jina uliza, lakini usianze nalo. Ukianza na jina, mtu anafikiri unamwandika kwa polisi. Mwache kwanza ateremshe mzigo." Mpaka leo fomu yetu ina nafasi ya jina chini kabisa. Wageni wanaotoka Nairobi kutukagua hudhani mpiga chapa alikuwa amelewa.

Mzee Kilonzo alikuwa mtu wa Kilungu, mrefu, mwenye koti moja la kijivu alilovaa hata Kibwezi, mahali ambapo koti ni adhabu. Hata nilipoota mvi aliniita kijana. Alikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi: maneno ya mwajiri rangi moja, ya mfanyakazi rangi nyingine, na kila kesi mpya alizibadilisha, ili asije akazoea kuamini rangi fulani. Hakuna chuo kilichomfundisha hilo.

Jambo lililompa jina, hata hivyo, ni kula pande mbili. Ukambani hutaingia kwa mtu ukatoka mdomo mkavu. Mwajiri akikuitia maneno, ujue sufuria iko jikoni. Maafisa wengine walikula kwa mwajiri, kwa sababu nyama ilikuwa huko, halafu wakamsikiliza mfanyakazi wakiwa wamesimama, wanachokoa meno. Mzee Kilonzo alikataa katakata. Akila kwa bosi, lazima ale kwa mfanyakazi, na kwa kipimo kile kile. Vikombe viwili huku, vikombe viwili kule. "Tumbo langu ni mizani," alikuwa akisema akilipiga. Na kweli mizani ilikuwa imeanza kuegemea mbele.

Mimi nilibeba flaski ya chai na mkebe wa muthokoi. Msinisifu. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, na Kalunde huyapika na mbaazi mpaka yakubaliane. Tumbo langu halielewani na mafuta ya watu, na mimi mwenyewe sielewani na chakula ambacho sijui kimepikwa na nani akiwa na hasira gani. Nilikuwa mlafi wa kwetu, basi. Lakini watu wakaona ni msimamo. Meneja mmoja wa Wote alimnong'oneza mwenzake nikiwa nasikia, "Huyo karani hawezi kununuliwa. Hata maji anatembea nayo." Sikumsahihisha. Heshima ikija kwako kwa kupotea njia, unaikaribisha ikae.

Kitu kingine nilichobeba ni saa. Ikifika saa tisa alasiri naanza kuiangalia, kwa sababu nyumbani ni mbali na mimi sitaki kulala kwa watu. Mzee Kilonzo aliwahi kuniambia tukitoka kwa kikao, "Musyoki, mtu anaeleza jinsi alivyofukuzwa, na wewe unaangalia mkono kama umeumwa na siafu." Nikacheka sana. Nilidhani ni utani tu.

Kesi ambayo sijawahi kuimaliza kichwani ni ya Ikutha.

Mwende alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni pale sokoni. Alijifungua, akakaa siku zake za uzazi, na aliporudi akakuta mpishi mwingine amevaa aproni yake. Mwenye nyumba alisema Mwende ameacha kazi kwa hiari yake. Mwende akasema hakuacha, alizaa. Tukaitwa sisi.

Kwa mwenye nyumba tulikuta mbavu za mbuzi na ugali. Mzee Kilonzo akala vipande vitatu, akasikiliza. Mimi nikafungua mkebe wangu kando, nikawa kama mtoto wa shule. Kisha tukaenda kwa Mwende, chumba cha kupanga nyuma ya soko la mifugo. Alikuwa amepika kuku.

"Karibu, Mzee. Si kingi."

"Ni kingi, mwaitu," Mzee akasema, maana mama yeyote kwake alikuwa mwaitu, hata akiwa na umri wa binti yake. Akakaa, akala vipande vitatu bila haraka. Na Mwende akiwa anamwongezea mchuzi ndipo alipotaja, kama jambo dogo lisilofaa kuandikwa, kwamba mwenye nyumba alimwandikia kwa simu siku ya tatu baada ya kuzaa: mama pumzika, kazi yako iko. Ujumbe bado ulikuwepo kwa simu. Kwa rejista yangu asingeutaja. Ulitoka kwa sababu mtu alikuwa ameketi anakula chakula chake. Kabla ya jioni Mwende alikuwa amepata aproni yake.

Kwa hiyo msije mkasema Mzee Kilonzo hakujua kazi.

Lakini mimi nilikuwa nimetoka nje kunawa. Chini ya karai kulikuwa na vifaranga saba, bado wa manyoya laini, wanazunguka wakilia. Walikuwa wanamtafuta mama yao. Mama yao alikuwa kwa sahani ya Mzee Kilonzo.

Tukirudi nikamwambia, "Mzee, yule kuku alikuwa na vifaranga."

"Kuku wote wako na vifaranga, kijana."

"Ni yeye mmoja tu. Hakuna mwingine pale."

Akavuta koti lake. "Sasa ulitaka nifanye nini? Nimekula mbuzi ya tajiri, halafu kwa Mwende niseme nimeshiba? Ningekuwa nimemwambia chakula chake hakifai kuwekwa kwa mizani. Umaskini haumwumi mtu kama kurudishiwa sahani."

Niliangalia saa. Lakini wale vifaranga walikuja na mimi mpaka Matinyani, na kwa miaka hawakuondoka. Vipande vitatu kwa mwenye nyumba ya wageni ni vipande vitatu. Vipande vitatu kwa Mwende ni mayai ya mwaka mzima. Mizani ya Mzee ilikuwa imelala sawa kabisa, na bado upande mmoja ulikuwa umeumia.

Miaka ikaenda. Mzee akastaafu akarudi Kilungu, mimi nikahamishiwa Makueni. Maafisa wakawa wachache na kesi zikawa nyingi, na ndani ya pengo hilo wakaota watu waliojiita wapatanishi. Mmoja alitembea na mihuri mitatu kwa mfuko wa koti, na alitazama kwanza wewe ni nani ili ajue atumie upi. Ndipo ikaamuliwa kuwe na orodha moja ya wapatanishi wa kazini, Kitui na Makueni pamoja, ibandikwe ubaoni nje, mwajiri na mfanyakazi wasome majina yale yale, wachague kwa kukubaliana. Madam Ndanu, mkuu wetu mpya, akawa mwenyekiti wa kamati ya kuweka vigezo. Mimi nikawa katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na sikuwa na safari popote.

Mnaniuliza siku hizi kama tulivitoa vigezo kwa kitabu. Hapana. Tulivitoa kwa kugombana.

Rasimu ya kwanza ilidai digrii. Nikainua mkono. "Madam, Mzee Kilonzo ana digrii?"

"Hana."

"Na mimi?"

"Wewe ni katibu, Musyoki."

"Nauliza tu nijue kama nitoke nje."

Wakacheka, na digrii ikatoka nje badala yangu. Kikaja kifungu kinachosema mpatanishi awe mtu wa heshima zake. Nikauliza heshima hiyo tutaipima na nini, kwa sababu mjini Kitui ni suti, na Kilungu ni idadi ya miparachichi. Kikafutwa. Kikaja cha barua ya mchungaji. Hapo Bwana Athmani, mwakilishi wa wafanyabiashara, ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka Kitui hata kabla ya lami, akauliza kwa upole wake, "Na mchungaji wangu mimi ni nani, nimtafute mapema?" Madam Ndanu akakifuta mwenyewe, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi.

Kilichowekwa mahali pake ndicho ninachojivunia kuliko vyote, na nitakisema bila aibu kuwa kilitoka kwangu. Kila anayeomba alete barua ya mtu aliyemsuluhisha ambaye *hakupata* alichotaka. Aliyeshinda atakusifu hata kama ulilala kikaoni. Tuletee aliyetoka mikono mitupu, aseme: sikupata, lakini alinisikia. Yule wa mihuri mitatu alileta barua kumi na moja, zote za washindi, akaulizwa ya mshindwa, akasema kwake hakuna anayeshindwa. Hatukumwona tena.

Kisha nikaleta kifungu cha flaski. Niliwaeleza habari ya vifaranga bila kumtaja mtu.

Bwana Athmani akasema, "Kwetu mgeni akikataa chakula ni kama amepiga mlango teke."

"Hata kwetu," akasema Madam Ndanu.

"Hata kwetu," nikasema na mimi. "Ndiyo maana iwe ni sheria. Nikikataa mimi, nimekutukana. Ikikataa sheria, hakuna aliyetukanwa. Mama atasema, maskini, huyu amekatazwa, na atamwacha kuku wake."

Wote wakageuka wakaiangalia flaski yangu pale mezani, kana kwamba ilikuwa shahidi. Kikapita: mpatanishi atabeba chakula na kinywaji chake, na hatapokea cha upande wowote mpaka mapatano yatiwe sahihi. Atakayekivunja wakati wa mtihani ameanguka, hata kama mengine yote ameyapata, na atarudi baada ya miezi sita.

Ombi la kwanza lililoletwa lilikuwa la Mzee Kilonzo. Alilileta mwenyewe, na koti.

"Kijana, watu wamebadilika," akaniambia. "Zamani waliniita. Sasa wananiuliza, uko kwa orodha? Juzi wafanyakazi wa kiwanda cha mawe pale chini wamekorofishana na mwenyewe, mimi niko hapo juu naona vumbi lao, na hawawezi kuniita. Nakaa nahesabu maparachichi. Nikifa bila jina langu kwa huo ubao, mnizike na hii kalamu, mjue mlizika afisa."

Alikuwa na barua za walioshindwa, si moja, mfuko. Nikampa karatasi ya vigezo kama kila mtu. Akasoma, akafika kile kifungu, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani ameandika huu upuuzi?"

"Kamati," nikasema. Huo ndio ujasiri wangu wote, uandikeni.

Mtihani wenyewe mnaujua. Wafanyakazi wawili wa ofisi wanaigiza, mmoja mwajiri, mmoja mfanyakazi, na watahini watatu wanakaa nyuma wakiandika. Mwombaji anaingia na namba, si jina, ingawa namba haiwezi kuficha kikohozi. Namba nne alipokohoa mlangoni, sote tulimjua.

Kesi ilikuwa ya dereva wa duka la vifaa vya ujenzi aliyesimamishwa kwa kukataa kuendesha gari lenye breki mbovu. Katikati, yule anayeigiza mwajiri akamimina chai, kama alivyoelekezwa, akamsogezea mpatanishi. Mzee Kilonzo akapokea. Akanywa. Kisha, kama maisha yake yote, akamgeukia yule dereva wa kuigiza akasema, "Na wewe, chai yako iko wapi, niinywe?"

Huyo kijana hakuwa ameambiwa ajibu nini. Akaangalia mikono yake.

"Sina, Mzee," akasema.

Mzee Kilonzo alibaki na kikombe hewani. Sijui ni muda gani, kwa mara moja katika maisha yangu sikuangalia saa. Kisha akakiweka chini polepole, mbali na mkono wake, akaendelea. Na alivyoendelea! Alimtoa yule mwajiri wa kuigiza kwa hasira mpaka kwa aibu, na kutoka kwa aibu mpaka kwa fundi wa breki. Nimekaa kwa mitihani mingi tangu siku hiyo na sijaona mwingine kama huo.

Lakini chai ilikuwa imenywewa. Mtahini mmoja akanong'ona kwamba tunaweza kusema hatukuona. Madam Ndanu alinigeukia mimi. "Katibu, ni namba nne. Tunaandika nini?"

Ningeweza kusema yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Lakini nilifikiria mfanyakazi fulani wa kesho, amesimama mbele ya ule ubao, hajui Kilonzo wala Musyoki, anaamini tu kwamba kila jina lililoko pale limepita mlango mmoja. Nikaandika ameanguka. Mwandiko wangu ulisomeka vizuri, kwa bahati mbaya.

Nikatoka nje kumwambia mwenyewe. Alikuwa kwa benchi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nimeanguka?"

"Umeanguka, Mzee."

"Nani ameandika?"

"Ni mimi."

"Na kile kifungu?"

"Pia ni mimi."

Akaniangalia, akaiangalia flaski yangu. "Ni wale vifaranga wa Ikutha."

"Ni wale vifaranga."

"Si ungeniambia siku ile?"

"Nilikuambia, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli uliniambia. Sikusikia. Nilikuwa nimeshiba."

Akaondoka bila kuniaga, na orodha ikabandikwa bila jina lake. Msifikiri nilipongezwa. Kanisani watu walinisalimia kwa ncha za vidole. Matinyani wakasema Musyoki amemtupa mwalimu wake. Hata Kalunde alinipakulia muthokoi siku nzima bila neno, na mwishowe akauliza, "Huyo Mzee ndiye alikufundisha kazi?" Nikasema ndiye. Akasema, "Aya," akaenda kulala. Hiyo "aya" nilikaa nayo miezi sita.

Mwezi wa saba tangu aanguke, asubuhi, nikasikia kikohozi mlangoni. Mzee Kilonzo alikuwa amekuja na flaski ya bluu, kubwa, aina ya kupelekwa harusini. Akaingia mtihani. Chai ilipomiminwa akaipiga ile flaski kofi la upendo. "Asante, nimebeba yangu. Nimekatazwa," akasema, na akasema "nimekatazwa" kwa majonzi kiasi kwamba yule mwajiri wa kuigiza akamwomba radhi. Alipita. Nililibandika jina lake mwenyewe, na gundi nikaweka mara mbili.

Siku hiyo hiyo akaomba kusema na kamati, maana kila aliye kwa orodha ana ruhusa ya kupendekeza kigezo.

"Mimi nilikuwa nakula ili nikae," akatuambia. "Mtu anayekula hana haraka. Hata mwenye kesi anajua hutainuka kabla sahani haijaisha, kwa hivyo anasema mpaka la mwisho. Mmeondoa sahani, na mlikuwa na sababu, nimekubali. Lakini sasa huyo mama atajua aje kwamba utakaa? Andikeni: mtu akiongea, mpatanishi asiangalie saa, simu wala dirisha. Akiangalia, ameanguka kama aliyekunywa chai."

Alisema akiwa ananiangalia mimi. Nilikiandika kifungu hicho huku nikitabasamu, kama mtu anayemwandikia jirani faini.

Baadaye tulimweka Mzee kuwa mmoja wa watahini. Naye ni mkali! Wapo kati yenu mnaojua.

Basi nami nikastaafu. Mlinipa blanketi, na nimelitumia. Wiki tatu nilikaa nyumbani kwa furaha ya mtu aliyefika peponi bila kufa. Wiki ya nne Kalunde akaniuliza kama ofisi haina kazi yoyote ya kujitolea, hata ya kufagia. Nikaleta ombi la kuwa kwa orodha.

Ile barua ya mshindwa ilinisumbua, kwa sababu karani husaidia kusuluhisha, jina kubwa likawa la afisa. Nikakumbuka yule mlinzi wa siku ya kwanza. Hakurudishiwa kazi yake, tulijaribu, ikashindikana. Nilimpata akiwa mzee kama mimi, anauza miche. Akaandika mistari miwili, nimekariri: "Kazi sikurudishiwa. Lakini huyu kijana alinifuata mpaka stendi kuniuliza jina langu." Nyinyi mliofanya semina nyingi, mkipata barua kama hiyo hamtataka cheti kingine.

Nikaingia mtihani, namba tisa. Chai ikamiminwa, nikaikataa kwa ustadi wa miaka yote. Nikajiona nimeshafika. Mfanyakazi wa kuigiza alikuwa mmoja wenu, sitamtaja, na aliongea! Aliongea habari ya zamu, ya ndugu wa bosi, ya viatu. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kwa dirisha la upande wa magharibi, na gari la Kitui haliningoji.

Mzee Kilonzo akakohoa.

Nikainua macho. Sikuwa najua kwamba nilikuwa nimeyainamisha. Watahini watatu walikuwa wanaandika, na yule kijana alikuwa amenyamaza katikati ya viatu. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba alinyamaza. Wakati ule nilijiuliza ni wangapi walinyamaza hivyo miaka yote, mimi nikaandika kwa rejista kwamba wamemaliza.

Nikakaa kwa benchi lile lile. Akatoka.

"Umeanguka, kijana."

"Nani ameandika?"

"Mimi. Na wale wengine wawili wameandika hivyo hivyo, tumelinganisha."

"Na kile kifungu?"

"Hicho usiniulize. Mwandiko ni wako."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akakaa, akafungua flaski yake ya harusi, akanimiminia chai. Kesi yangu ilikuwa imeshaisha, kwa hivyo iliruhusiwa. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Nilikunywa yote, na gari la kwanza likaniacha.

Kwa hivyo mkipita pale ubaoni na wageni wenu wakawauliza mbona jina la Musyoki haliko, na yeye ndiye aliandika vile vigezo, msinione huruma na msitafute maneno. Waambieni haliko kwa sababu hajapita. Nimebandika mengi katika maisha yangu, na hakuna karatasi niliyobandika iliyowahi kunipa fahari kama hiyo ambayo mimi simo.

Bado miezi minne. Nafanya mazoezi kila jioni. Kalunde anakaa jikoni ananisimulia habari ya mbuzi wa jirani aliyekula kunde zetu, anaanza tangu mbuzi alipozaliwa, na mimi nakaa mpaka kunde ziishe. Saa yangu ameificha ndani ya debe la unga. Najua iko hapo. Sijaiendea.